Wiki Ambayo Ukuta wa Panda Ulinyamaza

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Lubumbashi, Clotilde Ngalula aliandika kwa mkono wake maneno Lu et approuvé chini ya ukurasa wa kumi na mbili wa mkataba, kisha akatia saini. Maneno hayo ya Kifaransa maana yake ni "nimesoma na nimekubali". Alikuwa amesoma kurasa mbili.

Katika nchi hii mkataba wa nyumba, wa kiwanja au wa kazi haukamiliki bila maneno hayo kuandikwa kwa mkono, na katika komini ya Panda, mjini Likasi, hakuna aliyewafundisha watu wengi kuyaandika kuliko Clotilde. Ana kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, hatua mia moja kutoka kwenye kambi za zamani za wafanyakazi wa shaba. Kwa miaka kumi na nane amechapa mikataba ya wenzake. Mteja akinyoosha mkono kuchukua kalamu kabla ya kufika mwisho wa karatasi, humwambia: "Soma kwanza, papa. Bic haitakimbia."

Siku ile Lubumbashi kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, akimnyooshea. Mpiga picha alikuwa amesimama tayari. Watu wanane walikwisha kutia saini kabla yake. Wawili kati yao walikuwa na shahada ya udaktari. Clotilde aliona kwamba akiomba nusu saa ya kusoma, wangedhani anasoma polepole.

"Niliogopa kuonekana mpiga chapa," anasema. "Nami ni mpiga chapa."

Mkataba ulikuwa wa Tamtama, mtandao wa kijamii ambao karibu kila mwenye simu Likasi anao. Ulimfanya kuwa mjumbe wa baraza la watu tisa ambalo kampuni ililiita Baraza la Sauti Huru.

*

Ili kuelewa kwa nini kampuni ya mbali ilimtafuta mwanamke mwenye mashine moja ya fotokopi, ni lazima kuanza na ukuta.

Clotilde alizaliwa Panda mwaka 1976. Baba yake alitoka Kasai akiwa kijana, akafanya kazi ya shaba miaka ishirini na sita. Mwaka 1992 familia ilifukuzwa nyumbani pamoja na watu wengine wengi wenye asili ya Kasai. Walilala wiki saba kwenye kituo cha gari-moshi cha Likasi wakingoja treni. Mdogo wake wa mwisho hakuipanda treni hiyo, alizikwa Likasi. Clotilde alirudi mjini miaka sita baadaye, peke yake. Anachokumbuka zaidi ni kwamba kabla ya mawe kurushwa kulikuwa na neno. Watu walikuwa wakiwaita bilulu, yaani wadudu, na kwa miezi kadhaa neno hilo lilisemwa kama mzaha.

Mwaka 2019 mteja alimletea simu achape picha ya risiti. Alipokuwa akiitafuta picha hiyo, aliliona neno lile kwenye Tamtama, chini ya picha ya mwalimu mmoja wa Panda aliyedaiwa kuiba mtihani. Watu mia tatu walikuwa wamelicheka. Aliripoti. Baada ya siku nne alijibiwa kwamba chapisho halivunji kanuni zozote. Mashine za Tamtama zilikuwa zimefundishwa Kiswahili cha mbali. Cha Katanga hazikukijua, na neno bilulu zililielewa kuwa ni wadudu tu.

Clotilde alichapa chapisho lile na jibu la kampuni kwenye karatasi moja, akachemsha gundi ya unga wa muhogo, akaibandika kwenye ukuta wa nje wa kibanda. Juu aliandika tarehe. Chini aliandika alichokwenda kuhakikisha kwa miguu: mwalimu huyo hakuiba mtihani wowote, na wakati unaotajwa alikuwa amelazwa hospitali.

Tangu hapo ukuta ulipata karatasi mpya kila Jumatatu. Watu wanaopenda kusimama mbele ya magazeti na kubishana siasa bila kununua gazeti, wale wanaoitwa kwa utani wabunge wa kusimama, walihamia pale. Spika wao alikuwa Philippe Mwamba, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye husoma kwa sauti kwa faida ya wasiojua kusoma na wasiotaka kusukumana.

"Leo banasema nini, Profesa?" watu wa nyuma huuliza kwa Kiswahili cha Panda, ambamo paka ni "tu", njo ni "ndiyo" na shiye ni "sisi".

"Banasema ule pasta mwenye alikufaka juzi, hakukufa. Iko Kambove."

"Anafanya nini kule?"

"Mama Clotilde aliandika paka vile iko muzima. Kazi ya kumufuata mu bar alituachia shiye."

Karatasi ilikuwa na safu nne: nini kilisemwa, lini aliripoti, kampuni ilijibu nini, na ukweli ni upi. Hakuweka maoni. Kufikia mwaka 2022 gazeti moja la Lubumbashi lilikuwa likizichapa karatasi hizo kila mwezi, na mtafiti wa Kinshasa alikuwa amezihesabu: katika machapisho mia nne na kumi na mawili aliyoripoti Clotilde, Tamtama iliondoa kumi na saba. Hesabu hiyo ilisomwa katika mikutano ambayo Clotilde hakuwahi kuisikia. Miezi mitatu baadaye alipigiwa simu.

*

Aliyepiga alikuwa Elikia Bolamba, mkuu wa ushirikiano wa Tamtama huko Kinshasa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye Kifaransa kizuri na adabu isiyochosha. Hakumbishia hata safu moja. Alisema: "Maman Clotilde, tunaona haya. Kazi hii tulipaswa kuifanya sisi, wewe umeifanya bure kwa miaka mitatu. Njoo ukae mezani."

Clotilde anasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Anasema pia kwamba, kama Elikia angekuja na vitisho, angejua la kufanya.

Alipewa kompyuta, mtandao wa bure na posho ya kila mwezi. Alipewa bango kubwa lenye picha yake akitabasamu, na maneno "Tamtama inasikiliza". Alilifunika kwa plastiki kwa mashine yake mwenyewe, akalitundika juu ya ukuta. Philippe alilitazama kwa muda.

"Mama, hapa uko muzuri kabisa," alisema. "Lakini kinywa balikufungia."

"Profesa, ninacheka pale!"

"Njo nasema. Meno tunaona. Maneno hatusikie."

Karatasi ya kwanza baada ya mkataba ilikuwa ya kawaida: machapisho sita, majibu sita, ukweli sita. Elikia alipiga simu siku hiyo hiyo, akamwomba kwa upole afungue ukurasa wa tisa. Kifungu cha saba kilisema kwamba yote ambayo mjumbe anayaona, anayakusanya au anayaripoti katika muda wake ni siri ya Baraza mpaka kampuni itoe idhini ya kuyatangaza, na kwamba kampuni ina siku tisini za kujibu. Clotilde alikisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa, akausoma mkataba wote, mara mbili, kama ambavyo angemwambia mteja afanye.

Aliitoa karatasi ile ukutani.

Kampuni haikutaka ukuta ubaki mtupu. Elikia alieleza kwamba anaweza kuendelea kubandika tahadhari zilizoidhinishwa, na kila Ijumaa zilimfikia zikiwa tayari, zenye nembo: jihadhari na bahati nasibu za uongo, usimpe mtu namba yako ya siri, matangazo ya kazi mgodini yanayodai malipo ni ulaghai. Zote zilikuwa za kweli. Clotilde alizibandika kila Jumatatu kwa gundi ile ile ya muhogo, na Philippe alizisoma kwa sauti. Watu wa Panda hawakuambiwa kwamba kitu kimebadilika. Kwa macho yao ukuta ulikuwa umepata rangi.

Yaliyobaki, yaani majina, wadudu, picha za watu wenye nyumba zinazojulikana, aliyatuma kupitia dirisha la ndani la Baraza, kwenye kompyuta aliyopewa. Majibu yalikuwa ya haraka: "Asante kwa mchango wako muhimu." Katika mikutano ya kwenye kompyuta aliitwa mtaalamu. Ripoti ya mwaka ya kampuni ilimnukuu, pamoja na picha: "Nimeona nia njema." Alichosema siku ile ni kwamba ameona nia njema kwa wafanyakazi, lakini hajaona kitu kikiondolewa. Alimwandikia Elikia kuhusu nusu iliyokatwa. Alijibiwa kwamba nafasi ilikuwa ndogo.

"Nilinyamaza," anasema Clotilde. "Nilijiambia, nikigombana kwa sentensi moja, kesho hawatanisikiliza kwa jambo kubwa."

*

Jambo kubwa lilikuja Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024.

Séraphin Kabasele, fundi pikipiki wa miaka thelathini na minne, ana gereji, au alikuwa nayo, kwenye barabara inayoelekea Kamatanda. Mama yake na mama yake Clotilde walikuwa majirani kambini. Tangu utoto humwita Clotilde yaya, kama dada mkubwa. Wateja wake ni wewa, ndivyo waendesha pikipiki za abiria wanavyoitwa hapa, na wengi wao ni vijana waliotoka Kasai karibuni. Asubuhi hiyo video ya dakika moja na nusu ilianza kuzunguka Tamtama. Sauti ya mwanaume ilisema kwamba gereji ya Séraphin inabadilisha rangi za pikipiki zilizoibwa, na kwamba kwenye chumba chake cha nyuma hulala majambazi wanaoingia na treni. Ilimaliza na neno bilulu na jina la barabara.

Clotilde alikwenda. Pikipiki tisa zilizoonekana kwenye video bado zilikuwa pale. Alipata wenye nazo wote tisa, na karatasi zao. Chumba cha nyuma hakikuwapo. Nyuma ya gereji ni ukuta wa kambi ya zamani. Aliugonga kwa ngumi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Saa sita mchana alikuwa na kila kitu ambacho zamani kingejaza safu zake nne. Saa sita na dakika arobaini alikituma kupitia dirisha la ndani. Saa saba alimpigia Elikia.

"Tumeipokea, Maman," Elikia alisema. "Iko mikononi mwa timu. Tafadhali usibandike chochote kwa sasa, utaharibu uchunguzi. Na unakijua kifungu."

Alirudi gereji kumweleza Séraphin, ambaye alikuwa ameshaanza kufunga vyombo vyake kwenye gunia.

"Yaya, minye naenda Kambove kwa dada yangu," Séraphin alisema. "Nitarudia kisha mwezi, wakati batasahabu."

"Ukikimbia, batasema ilikuwa kweli. Kaa. Niliongea na bakubwa ya Tamtama, banashughulika."

"Bakubwa gani? Benye kuwa mu simu?"

"Séraphin, minye niko mu Baraza yabo."

Fundi alicheka. "Ni kweli. Picha yako iko mukubwa kupita ya bourgmestre, mukubwa wa komini." Akafungua gunia, akarudisha vyombo mezani.

Mke wake, jina lake Mimi, anayeuza chai na mikate karibu na soko, alisimama mlangoni. Aliuliza swali moja tu: "Mama Clotilde, uko na hakika?"

Alijibu kwamba ana hakika.

Clotilde anayasimulia mazungumzo hayo bila kuyapamba na bila kuyafupisha. Anaposimulia, hutazama mashine ya fotokopi.

Siku kumi na moja zilipita. Tahadhari iliyoidhinishwa ya wiki hiyo ilihusu bahati nasibu ya uongo. Ya wiki iliyofuata pia. Clotilde alituma ujumbe mwingine mara sita. Ijumaa, tarehe 13 Septemba, saa tisa alasiri, watu wapatao arobaini walifika gereji. Waliichoma pamoja na pikipiki nne. Séraphin alijaribu kuitoa ya tano, akapigwa kwa vyuma vyake mwenyewe. Alinusurika. Vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto havikunjiki tena, na fundi pikipiki hafanyi kazi kwa mkono mmoja. Alipotoka hospitali alihamia Kambove, kwa dada yake.

Tarehe 19 Septemba dirisha la ndani lilitoa jibu. Chapisho lilikuwa limepitiwa. Halikuvunja kanuni.

*

Kama habari ingekoma hapo, Clotilde angekuwa mtu aliyedanganywa. Mwenyewe hakubali maelezo hayo, kwa sababu ya miezi iliyofuata.

Elikia alipiga simu kumpa pole. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli; Clotilde anaamini alisikitika. Kisha alimwalika Nairobi, mwezi wa Novemba, kwenye mkutano wa kampuni, katika kikao kilichopewa jina "Mafunzo kutoka Likasi". Clotilde alikwenda. Alipewa dakika nane. Alizungumzia lugha za wenyeji, umuhimu wa ushirikiano na kazi ngumu ya mashine kuelewa mizaha. Jina la Séraphin hakulitaja. Watu walipiga makofi, na mwanamke mmoja asiyemjua alimwomba wapige picha pamoja.

Nyumbani alibadilisha njia. Njia fupi kutoka kanisani hadi kibandani hupita mbele ya meza ya Mimi. Alianza kuzunguka nyuma ya soko, dakika kumi zaidi, jua au mvua. Mvua zilipokuwa kubwa alichelewa kufungua, na wateja walimuuliza kama anaumwa. Alisema ni mguu.

Bango lenye picha yake alilitoa ukutani mwezi wa Desemba, akaliweka chini ya meza, uso ukitazama sakafu. Anayeuliza aliambiwa rangi imefifia.

Kesi ilifunguliwa Februari 2025. Watu watatu walikuwa wametambuliwa na kushtakiwa kwa kuchoma gereji. Clotilde alikwenda mahakamani kama mtu wa mtaa, akakaa benchi la mwisho. Mshtakiwa wa pili, kijana anayeitwa Rolly, muuza makaa, aliulizwa kwa nini aliamini video hiyo.

"Mukubwa, shiye hatuko bantu ya kuamini bule," Rolly alijibu. "Panda tukisikia neno, tunaenda kusoma ku ukuta ya Mama Clotilde. Kama iko uongo, atabandika. Hata ule pasta mwenye hakukufa, alibandikaka."

"Mlikwenda?"

"Tulienda Jumatatu mbili. Tulikuta paka maneno ya loto. Ya Séraphin hakukuwa. Tukasema basi, hata yeye alikosa ya kukataa. Na yeye ni muntu wabo, wa Kasai."

Ukumbi ulipiga kelele, hakimu akagonga meza. Séraphin, aliyekaa mbele na mkono wake kwenye kitambaa, hakugeuka. Mkewe Mimi aligeuka kutazama benchi la mwisho.

*

Alasiri hiyo Séraphin alikuja kibandani, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Yaya, niko na ulizo moja. Jumatatu ile, gundi ilikuisha?"

"Haikuisha."

"Karatasi?"

"Karatasi ilikuwako."

"Sasa?"

Clotilde alitoa mkataba kwenye droo, akauweka mbele yake, umefunguliwa ukurasa wa tisa. Séraphin aliurudisha ukurasa wa kwanza, akausoma wote, kidole kikifuata mistari. Ilimchukua dakika arobaini. Clotilde alihudumia wateja wawili wakati huo. Mmoja alirudi kudai kwamba kitambulisho chake kimetoka upande mmoja.

"Donc kujua, balikuachia," Séraphin alisema alipomaliza. "Kusema njo balikukatazaka."

"Njo vile."

"Na kisha ya kukubali ile, ulikuya kunambia nikae."

"Ndiyo."

"Ningelikuwa Kambove na mikono yangu yote mbili." Hakuwa amepandisha sauti. "Minye sikukuya kulia hapa. Avocat mwenye kusimamia kesi yangu anasema, muntu akisema paka kwa kinywa kama alijua video iko uongo, batamucheka. Batasema unanipendelea juu tuko ba Kasai. Anataka makaratasi. Ile yenye ulituma Jumatatu, na saa yake. Na ile yenye balikujibia."

"Iko siri ya Baraza."

"Nilisoma," alisema Séraphin. "Nauliza kama utaleta."

Clotilde alisema atampa jibu. Séraphin aliondoka bila kuaga, jambo ambalo katika miaka thelathini na minne hakuwahi kumfanyia.

Jioni alimpigia Elikia mwenyewe. Alidhani ni heshima kumwambia kwanza. Sasa anasema alikuwa akitafuta ruhusa.

"Hakuna anayekuzuia kusema ukweli mahakamani, Maman," Elikia alisema. "Tunachoomba ni usitumie nyaraka za Baraza. Ni siri ya watu wote tisa."

"Bila nyaraka nitasema nini?"

"Sema ulivyohisi. Na ufikirie kiti chako. Ukiondoka, Likasi haitakuwa na mtu mezani."

Clotilde anasema angependa kusema kwamba alijibu vizuri. Alisema simu haisikiki, akakata.

Kwa siku tisa hakufanya lolote. Siku ya kumi alichapa mawasiliano yote kuhusu Séraphin, kuanzia ujumbe wa saa sita na dakika arobaini hadi jibu la tarehe 19. Yalikuwa karatasi kumi na tisa. Alichapa pia barua ya kujiuzulu, mistari minne, na karatasi ya ukutani.

Aliibandika Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, saa moja asubuhi, bila nembo. Ilikuwa na safu zake nne za zamani. Chini yake aliongeza sentensi tatu: kwamba alijua tarehe 2 Septemba kuwa video ni ya uongo, kwamba alikuwa amekubali kwa saini kutosema, kwamba ni yeye aliyemwambia Séraphin Kabasele asiondoke.

Philippe aliisoma kwa sauti, kama kawaida. Alipofika kwenye sentensi ya tatu alishusha miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma sentensi hiyo. Wewa mmoja, Plamedi, aliyepoteza pikipiki yake kwenye moto ule, alikuwa wa kwanza kusema.

"Miezi sita, Mama? Leo njo unabandika, nyumba ilikwisha kuungua?"

Clotilde alikuwa amesimama mlangoni. Tangu mwaka 2019 desturi yake ni kusimama hapo kila Jumatatu na kujibu maswali. Alibaki amesimama.

"Mama, nilikuuliza."

"Nilisikia, Plamedi. Sina ya kujibu."

Mtu wa nyuma alisema lazima walimlipa vizuri. Mwingine alisema mwacheni, angalau amesema. Hao wawili walianza kugombana wenyewe. Watu walimtazama Philippe, wakingoja atoe hukumu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtetea siku zote.

"Karatasi iko sawa," Philippe alisema. "Tarehe njo haiko sawa." Akachukua baiskeli yake, akaenda.

Mchana Clotilde alifunga kibanda, akapita njia fupi. Mimi alikuwa kwenye meza yake. Clotilde aliagiza chai, Mimi akamimina, akampa, akapokea hela, akamgeukia mteja mwingine. Clotilde aliinywa yote akiwa amesimama, ingawa kulikuwa na benchi.

Barua ya mawakili wa Tamtama ilifika Alhamisi ya wiki hiyo. Inamtaka arudishe kompyuta, aitoe karatasi ukutani, na asizikabidhi nyaraka za Baraza kwa mtu yeyote. La sivyo, kampuni itamshtaki. Kompyuta ameirudisha. Karatasi bado iko ukutani. Tovuti ya kampuni bado inaonyesha picha yake kati ya wajumbe tisa.

Wakili wa Séraphin amekwisha kuzipokea karatasi kumi na tisa. Kesi inaendelea Alhamisi, tarehe 20 Machi, saa tatu asubuhi, na Clotilde Ngalula ataitwa kuwa shahidi wa kwanza.